Tenki la Sheli Likivuja: Mafuta Yanaenda Wapi na Yanatafutwaje Chini ya Ardhi

Kisima cha mtaa kikianza kunuka petroli, mambo huwa yanakwenda vile vile kila mara. Watu wanajaa, ndoo inachotwa, kila mtu anainusa anatikisa kichwa, sheli ya jirani inasema sio sisi, baadae anakuja mtu anachukua chupa moja ya maji anaondoka nayo. Wiki zinapita, majibu yanarudi "maji yako ndani ya viwango", basi mjadala umefungwa na ile harufu ipo pale pale. Au yanarudi kwamba maji yamechafuka kweli, ila hakuna anayejua uchafu umetoka wapi, kwa hiyo hakuna wa kubebeshwa mzigo. Hili suala linaniuma kwa sababu miji yetu inaishi kwa visima, bomba likikata siku tatu wote tunakimbilia kisima cha jirani, na sheli nazo zinaota kila kona, nyingine ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kwa hiyo nimeona nieleze kwa urefu hii kazi ya kuchunguza inafanywaje. Hoja yangu ni kwamba chupa moja, ya kisima kimoja, ya siku moja, haimtetei mtu wala haimfungi mtu. Kinachotakiwa kujulikana ni mafuta yametokea wapi, maji ya chini yanaelekea upande gani, na ule uchafu unamfikia binadamu kwa njia ipi.

Tuanzie chini ya zege. Sheli ya kawaida ina tenki mbili tatu zimefukiwa, petroli, dizeli, pengine na mafuta ya taa, kila moja inabeba maelfu ya lita, na kutoka hapo mabomba yanapita chini ya sakafu mpaka kwenye pampu. Watu wakisikia tenki limevuja wanafikiria chuma kimetoboka tumboni na mafuta yanabubujika. Inatokea, hasa kwa tenki za zamani za chuma kitupu zisizo na kinga ya kutu, na huku pwani udongo wenye chumvi unakula chuma haraka. Ila mara nyingi tatizo liko kwenye maungio ya mabomba, chini ya pampu, na pale mdomoni lori linaposhushia mafuta. Tenki likijazwa likafurika kidogo leo, kidogo wiki ijayo, miaka kumi baadae ardhi ya pale imeshiba.

Na kidogo sio kidogo. Chukua tone moja kila sekunde, kitu ambacho ukikiona kwenye bomba la nyumbani hata fundi humwiti. Tone likiwa sehemu ya ishirini ya mililita, kwa siku ni lita 4 na zaidi, kwa mwaka unavuka lita 1,500. Sasa sheli inayouza maelfu ya lita kila siku itaiona vipi hiyo lita 4? Hapo ndo joto linaingia kuharibu hesabu. Petroli inatanuka na kusinyaa, takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi joto moja, kwa hiyo lori likishusha lita 10,000 zikiwa nyuzi 35 na zikapoa kule chini mpaka 28, zinapungua lita 70 hivi bila kuvuja hata tone. Meneja akiona pengo kwenye dip, yani kipimo cha mafuta yaliyobaki ndani ya tenki, anasema ni joto, na siku nyingi anakuwa yuko sahihi kabisa. Ndo maana mchunguzi anayejua kazi haanzi na udongo, anaanza na daftari. Anaomba vipimo vya dip vya miezi, risiti za mafuta yaliyoshushwa, mauzo ya kila pampu, anavipanga siku kwa siku. Makosa ya joto na ya kipimo yanacheza, leo juu kesho chini, ila kuvuja kunavuta upande mmoja tu, kila siku, haurudi.

Mfano mkubwa wa hesabu iliyosema kweli watu wasiisikilize ni Red Hill, Hawaii. Pale jeshi la majini la Marekani lilikuwa na tenki 20 kubwa mno, zilizochimbwa ndani ya mwamba miaka ya 1940, na chini yake kwa umbali wa mita 30 tu hivi kuna tabaka la maji wanayokunywa watu wa Honolulu. Tarehe 6 Mei 2021 bomba likapasuka kwa msukumo. Wakasema kilichomwagika ni galoni elfu moja na mia sita hivi na karibu zote zimeokotwa. Lakini upungufu kwenye hesabu ulikuwa karibu galoni 20,000, kama lita 75,000, na huo upungufu haukufuatiliwa mpaka mwisho. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye bomba la mfumo wa kuzima moto, yakatulia humo zaidi ya miezi sita, mpaka tarehe 20 Novemba kigari kikagonga vali ya lile bomba, yakamwagika, yakafika kwenye kisima kinachohudumia watu karibu 93,000. Familia zikaanza kunusa mafuta kwenye maji ya bomba, watu wakaumwa matumbo na vipele, maelfu wakahamishwa nyumba. Machi 2022 ikaamriwa hifadhi yote ifungwe. Uchunguzi wa baadae ulirudi kwenye kitu kile kile, ile namba ya mwezi wa tano.

Haya, mafuta yameshatoka, yanaenda wapi? Kwanza yanashuka. Yanapita kwenye udongo mkavu na kila yanapopita yanaacha sehemu yamenata kwenye punje za mchanga, kama yaliyovuja ni machache yanaweza kuishia hapo hapo yasifike kwenye maji. Yakiwa mengi yanafika kwenye usawa wa maji ya ardhini, na kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, hayazami, yanatanda juu. Kuanzia hapo uchafu unagawanyika mara tatu, na hii ndo sehemu ambayo watu wengi wanaichanganya.

Kuna mafuta yenyewe, yanayoonekana, yanayowaka, yanayoelea. Haya hayasafiri mbali sana kwenye mchanga. Kuna yale yaliyoyeyuka ndani ya maji, huwezi kuyaona kabisa, maji yanabaki meupe kama kawaida, na haya ndo yanayosafiri na maji kwenda kwa majirani. Halafu kuna mvuke, unaopanda kupitia udongo mkavu kuingia kwenye misingi ya nyumba, mashimo ya maji taka, chemba za simu, na ndani ya visima vyenyewe.

Kwenye yale yaliyoyeyuka, wanaotafutwa ni ndugu wanne, benzeni, tolueni, ethailbenzeni na zaileni, na mbaya wao ni benzeni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, Marekani wameweka 5, kwa sababu imethibitika kabisa kwamba benzeni inasababisha saratani ya damu. Sasa angalia hesabu. Petroli yenye benzeni asilimia moja hivi ikikaa juu ya maji, maji yale yanaweza kubeba kama miligramu 15 mpaka 20 kwa lita. Miligramu, sio mikrogramu. Yani mara elfu na zaidi ya kikomo, na maji bado yanaonekana masafi. Na ule usemi wa "sisi hatusikii harufu kwa hiyo yako poa" hauna msingi, benzeni inaweza kuzidi kikomo mara nyingi tu kabla pua haijashtuka.

Sasa tuingie site. Mashine ya kuchoronga inaletwa, inatoa udongo kwa vipande kutoka kila kina, na mtu anayejua anausoma ule udongo kama daktari anavyosoma picha ya eksirei. Mchanga mwekundu wa kawaida ukiwa umekaa na petroli muda mrefu unageuka kijivu, wakati mwingine kijani kijani, na mpaka wa ile rangi unaonyesha mafuta yalishuka mpaka wapi. Kipande kinapasuliwa, udongo kidogo unatiwa kwenye mfuko wa plastiki, unafungwa vizuri, unaachwa joto liupate kwa dakika kadhaa, halafu ncha ya kipima mvuke inachomekwa ndani ya mfuko. Namba zinapanda hapo hapo. Hicho kipimo hakisemi ni benzeni au ni nini, kinasema tu kuna mvuke wa mafuta kiasi gani, ila kinakuonyesha kwa haraka sehemu ipi ya udongo ipelekwe maabara na ipi ni kupoteza hela.

Kwenye mashimo yale yale vinajengwa visima vya uchunguzi, ni bomba jembamba la plastiki lenye matundu membamba kwa chini. Na hapa kuna kitu kimoja nataka mtu akishike kweli kweli, yale matundu yakae wapi. Mafuta yanaelea juu ya maji, kwa hiyo ili yaingie kisimani matundu lazima yavuke usawa wa maji, yaanzie juu yake na kuishia chini yake, na yaache nafasi ya maji kupanda na kushuka. Kisima kikijengwa matundu yote yako chini ya maji, mafuta yanaweza kuwa yametanda nje ya bomba na ndani usione hata tone. Mtu anaweza kukuletea ripoti yenye visima sita vyote "safi" na ripoti nzima ikawa haina thamani kwa kosa hilo moja. Na visima virefu vya majumbani karibu vyote vimejengwa hivyo, matundu yako chini sana, kwa hiyo kutoona mafuta yakielea kwenye kisima cha mama jirani hakumaanishi kitu, unatakiwa kupima yaliyoyeyuka.

Kupima unene wa mafuta wanatumia mkanda mrefu wenye kichwa cha chuma, unashushwa taratibu, ukigusa mafuta unalia sauti moja, ukivuka kufika kwenye maji sauti inabadilika, unasoma namba mbili, tofauti ni unene wa mafuta. Ila usiamini ile namba moja kwa moja. Mafuta ndani ya bomba huwa yanajikusanya kuwa na unene mkubwa kuliko yalivyo kwenye mchanga wenyewe, wakati mwingine mara kadhaa, kwa hiyo anayezidisha unene wa kisimani kwa eneo lote ili apate lita zilizovuja anatoa namba ya kutisha watu tu.

Ili ujue maji yanaelekea wapi unahitaji visima vitatu kwa uchache, vilivyokaa pembe tatu, visivyo kwenye mstari mmoja. Mpima ardhi anapima midomo ya visima ilivyopishana kwa kimo, kwa usahihi wa milimita, halafu kina cha maji kinapimwa vyote siku moja. Ukitoa kina hicho kwenye kimo cha mdomo unapata usawa wa maji kwenye kila kisima, na maji yanatoka kwenye usawa wa juu kwenda wa chini. Tuseme kati ya kisima cha kwanza na kingine kilicho mita 60 mbele usawa umeshuka sentimita 60, huo ni mteremko wa 0.01. Chukua mchanga wenye kipimo cha upitishaji maji cha mita 10 kwa siku na nafasi wazi robo ya ujazo wake, zidisha 10 kwa 0.01, gawa kwa 0.25, maji yanatembea sentimita 40 kwa siku, karibu mita 146 kwa mwaka. Benzeni inachelewa kidogo kwa kunata nata kwenye udongo, ila umeshapata picha, sheli iliyovuja mwaka jana na sheli iliyovuja miaka mitano iliyopita ni kesi mbili tofauti kabisa kwa nyumba iliyo mtaa wa pili.

Na mteremko wa maji ya chini sio lazima ufuate mteremko wa barabara. Hili linagombanisha watu sana. Mtu anasema sheli iko bondeni, kisima kiko mlimani, haiwezekani. Inawezekana, hasa kama kuna kisima kikubwa kinachovuta maji usiku na mchana, kiwanda au hoteli au wauza maji ya maboza, pampu inavuta maji ya eneo lote kuelekea kwake na uchafu unafuata.

Pwani kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni bahari. Visima vilivyo karibu na ufuo, usawa wake unacheza na kupwa na kujaa, na wakati wa bamvua unacheza zaidi kuliko wakati wa maji mafu. Ukipima kisima kimoja saa mbili asubuhi na kingine saa nane mchana ukachora mshale, umechora bahari, hujachora mtiririko wa maji. La pili ni mawe. Unguja, Mombasa, na sehemu kubwa ya mwambao chini kuna matumbawe, na matumbawe yana mapango na mifereji, maji humo hayajipenyezi punje kwa punje, yanakimbia. Pembe tatu yako ya visima inaweza kuonyesha kusini wakati mfereji unapeleka uchafu magharibi kwenye kisima cha mbali huku cha karibu kikiwa salama. Sehemu za namna hiyo inabidi kutia rangi maalum kwenye kisima kimoja na kuisubiri inapotokea.

Sasa kitu kinachodanganya kuliko vyote, mvua. Usawa wa maji unapanda masika na kushuka kiangazi, na mafuta yanapanda na kushuka nayo, kila yanapopita yanapaka udongo, kwa hiyo baada ya misimu kadhaa hauna utando mwembamba tena, una ukanda mzima wa udongo uliopakwa, pengine mita moja au mbili kwa kimo. Masika maji yanapanda juu yake, mafuta yananaswa chini ya maji kati ya punje, hayawezi kutiririka kuingia kisimani. Unapima mwezi wa tano, mafuta hayapo. Watu wanashangilia, ripoti inaandikwa kwamba yameisha. Unarudi mwezi wa kumi kabla ya vuli, usawa umeshuka, mafuta yaliyonaswa yanaachiwa, kisima kile kile kina sentimita 20 za petroli. Hakuna kilichovuja upya. Ni yale yale. Ndo maana nasema ukipewa ripoti cha kwanza kuangalia ni tarehe, na ukiona vipimo vyote ni vya masika, rudisha.

Hata chupa yenyewe ina masharti. Benzeni inapenda kuruka hewani, kwa hiyo sampuli inawekwa kwenye vichupa vidogo vya kioo vya mililita 40, vyenye tindikali kidogo ya kuzuia bakteria wasiile njiani, kinajazwa mpaka maji yanafanya kilima mdomoni, kinafungwa, kinageuzwa kichwa chini, kinagongwa gongwa kuangalia kama kuna kibofu cha hewa. Kikiwepo unamwaga unaanza upya. Halafu barafu mpaka maabara. Maji yaliyochotwa kwa ndoo, yakamiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa nusu, yakapanda bodaboda kwenye jua la saa saba, yakifika maabara benzeni imeshaondoka na majibu yatakuwa mazuri. Sio lazima mtu awe na nia mbaya, ni uzembe tu wa chupa, lakini familia ndo inaendelea kunywa.

Swali linalofuata kila mara ni la nani. Barabara zetu kuu sheli tatu zimekaa hatua chache, kila mmoja anamnyooshea mwenzake. Watu wanapendekeza petroli ipimwe ijulikane ni ya kampuni gani. Kwa Tanzania hilo ni gumu, kwa sababu tangu 2012 mafuta yanaagizwa kwa pamoja, meli moja inashusha mzigo wa kampuni nyingi, kwa hiyo petroli ya sheli hii na ya ile inaweza kuwa imetoka kwenye shehena moja. Vinasaba, yani alama za kemikali zinazotiwa kwenye mafuta, navyo viliwekwa kwa kazi nyingine, kukamata uchakachuaji na mafuta ya transiti, ya kupita kwenda nchi jirani, yanayouzwa ndani. Maabara inaweza kusaidia kwenye umri zaidi kuliko kwenye jina. Petroli changa bado ina benzeni na tolueni nyingi, iliyokaa miaka imebaki na sehemu zake nzito. Na kama kuna risasi iliyochanganywa kwenye petroli, hiyo ni ya zamani, maana Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, hapo unamtafuta aliyekuwa na sheli kabla ya huyu wa sasa. Kwa yaliyobaki unarudi kwenye daftari la dip, mshale wa maji, na kisima kimoja kilichochimbwa upande wa juu wa kila sheli kuonyesha maji yalivyokuwa kabla ya kupita chini yake. Kisima cha upande wa juu kikiwa safi na cha upande wa chini kikiwa kichafu, hapo kuna cha kuongea.

Kuna habari njema kidogo na ni ya kweli. Ardhini kuna bakteria wanaokula hivi vitu. Wanamaliza oksijeni kwanza, halafu naitreti, halafu wanageukia chuma kilicho kwenye udongo na salfeti, kwa hiyo katikati ya uchafu unakuta maji hayana oksijeni kabisa na chuma kimepanda, maji ukiyaacha kwenye ndoo yanafanya kutu ya kahawia. Ukiona hivyo ujue kuna kazi inafanyika. Maabara ya taifa ya Lawrence Livermore kule California ilichambua kesi nyingi za tenki zilizovuja, mwaka 1995 wakatoa matokeo kwamba benzeni mara nyingi ilikuwa haivuki mita 75 hivi kutoka chanzo, bakteria wanaifikia kabla. Kampuni zinaipenda sana hiyo namba. Ila ni ya udongo wa kule, na inahitaji chanzo kiwe kimezibwa, kwenye matumbawe au mwamba wenye nyufa usiitegemee. Na kemikali nyingine hazifuati hiyo kanuni, MTBE iliyokuwa inatiwa kwenye petroli ya Marekani hainati kwenye udongo na bakteria hawaipendi, Santa Monica walifunga visima vyao mwaka 1996 wakapoteza karibu nusu ya maji ya mji.

Huku kwetu somo kubwa liko Makueni, Kenya. Hapo halikuwa tenki, lilikuwa bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi la Kenya Pipeline Company, la mwaka 1978, ila chini ya ardhi mafuta hayajui yametoka kwenye tenki au kwenye bomba. Mei 2015 ikagundulika limevuja eneo la Thange, Kibwezi, mafuta yakaingia ardhini na kwenye mto Thange, mto ambao watu walikuwa wanaunywa, wananyweshea mifugo na kumwagilia mashamba. Miaka minne baadae, Machi 2019, uvujaji mwingine ukagundulika Kiboko, kaunti hiyo hiyo. Wananchi wa Thange wamepigania haki yao mahakamani miaka na miaka. Mtu akikwambia uchunguzi wa udongo na maji ni mambo ya wataalamu tu, mkumbushe Thange. Mgonjwa akifika mahakamani bila vipimo vya mwanzo, vya visima vyake, vyenye tarehe, anaulizwa atathibitishaje kwamba ni mafuta yale.

Kwa hiyo mkianza kunusa petroli kwenye kisima, msianze na kelele, andikeni. Tarehe, kisima kipi, kina chake, mvua ilinyesha lini, nani aliyenusa wa kwanza na nani wa pili, maana mpangilio wa visima vilivyoanza kunuka ndo mshale wa kwanza wa maji kabla hata ya mashine kuja. Toeni taarifa kwa maandishi, kwa Tanzania NEMC (mazingira) na EWURA (nishati na maji), kwa Kenya NEMA (mazingira) na EPRA (nishati na petroli), mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Na maji msiyanywe wakati mnasubiri. Kuyachemsha hakusaidii, benzeni inapanda na mvuke jikoni mnaivuta puani. Vidonge vya klorini navyo havifanyi kitu, vinaua vijidudu, sio petroli. Kichujio cha mkaa maalum kinasaidia mpaka mkaa ushibe, na ukishashiba hautakwambia.

Jambo la hatari kabisa ni kumshusha fundi kisimani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, unakaa chini, unafukuza hewa, na ukifika asilimia 1.4 tu kwenye hewa unatosha kuwaka. Mtu akishuka na taa ya mafuta, au mkamwashia pampu ya petroli mdomoni mwa kisima, mnaweza kumpoteza yeye na anayeshuka kumwokoa. Kisima kinachonuka kinafunikwa, hakuna sigara, hakuna jiko karibu, hakuna kushuka mtu.

Kusafisha ni habari ndefu, nitaipitia haraka. Chanzo kinazibwa kwanza, bila hilo mengine ni bure. Udongo ulioshiba karibu na tenki unachimbwa unaondolewa, mafuta yanayoelea yanavutwa na pampu, mvuke unafyonzwa kutoka kwenye udongo mkavu, kwenye maji wanapuliza hewa ili bakteria wafanye kazi haraka. Marekani wameshathibitisha zaidi ya matukio 500,000 ya namna hii tangu sheria yao ya 1984, kwa hiyo mbinu zipo na zimejaribiwa, kinachokosekana kwetu ni mtu kulazimishwa kuzitumia.

Na kazi haiishii siku trekta likiondoka. Visima vya uchunguzi vinatakiwa vipimwe masika na kiangazi, angalau mwaka mzima, na vizuri zaidi miwili. Tatizo la huku ni kwamba sheli ikiuzwa mwenye mpya anabadilisha rangi, anamwaga zege jipya, vile vifuniko vidogo vya chuma vya visima vya uchunguzi vinafukiwa, na ramani yake haipo kwa mtu yeyote. Mkipata nafasi ya kukaa kwenye kikao na mwenye sheli na watu wa mazingira, pamoja na fidia na maji ya boza, ombeni na hicho kitu kiandikwe kwenye muhtasari: visima vya uchunguzi viwekewe namba, ramani yake ibaki ofisi ya serikali ya mtaa, na sheli isiuzwe bila mnunuzi kusaini kwamba amevipokea na atavipima.